Kilele Kilichozidi

Uso wa mama mkubwa ulikuwa umeviringana. Majirani barazani wakimwambia, "Mashaallah, Bi mkubwa, umenawiri!" naye akicheka, akipanda ngazi zetu za Mji Mkongwe bila kushika kamba. Kabla ya hapo alizipanda kwa kukaa kitako, kidato kimoja kimoja, kwa maumivu ya magoti. Mimi peke yangu sikufurahi. Mikono yake ilikuwa ileile myembamba; ulionenepa ni uso tu. Dawa za hospitali aina ya steroidi humfanya mtu hivyo, na yeye alisema anakunywa unga wa mizizi kutoka kwa mganga wa Makunduchi.

"Anakuchanganyia vidonge huyo," nilimwambia.

"We umesoma mpaka humwamini mtu."

Nilichota kijiko kwenye kopo lake, nikakipeleka maabara ninakofanya kazi. Mimea nayo ina steroidi zake za asili, kwa hiyo kuziona tu hakuthibitishi kitu. Lazima ujue ni zipi. Mashine ya kwanza hupitisha mchanganyiko kwenye mrija mwembamba, kila kitu kikatoka kwa wakati wake. Ya pili hupima uzito wa kilichotoka, ikakivunja na kupima vipande. Kwenye skrini kila kimoja huonekana kama kilele. Vya mizizi vilitoka mwisho, kama nilivyotarajia. Lakini mapema kabisa kilisimama kimoja kirefu, na vipande vyake vilionyesha kuwa kina florini. Sijapata kusikia mmea unaotengeneza steroidi yenye florini. Nikapitisha deksamethasoni halisi, steroidi ya kiwandani yenye florini, ya kulinganishia: wakati uleule, uzito uleule, vipande vilevile.

Nilikwenda Makunduchi nimeshamhukumu mganga. Alinisikiliza huku akichambua mizizi.

"Unga huo umeutoa kwangu?"

"Kwenye kopo la mama mkubwa."

"Basi kaliulize kopo." Alisaga mzizi mbele yangu, akanichotea na unga wa kwenye gunia. "Kapime vyote, msomi. Ukikosa unachokitafuta, urudi uniombe radhi. Na uje na halua."

Nilipima. Vilele vya mizizi vilikuwepo vyote. Kile kirefu hakikuwepo. Sikuamini. Nikasafisha mrija, nikarudia. Hakikuwepo.

Nikampigia simu mama mkubwa, nikamweleza yote, hata ile halua. "Unga wako unautia nini?"

"Nnatia vidonge vyangu vya magoti, vile vyeupe vya dukani. Vinanikwama kooni, basi navitwanga na unga kwenye kinu, kisha narudisha koponi."

"Mbona hukunambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa umeshughulika na mganga wa watu."

Nilianza kucheka. "Na leo umekunywa?"

"Unga mtupu. Vidonge vimekwisha tokea juzi, na mwenye duka kasafiri. Hata sijisikii vyema. Kichwa kinazunguka, asubuhi nimetapika."

Kicheko kikanikatika. Mwili uliozoeshwa dawa ile kwa miezi huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Dawa ikikatwa ghafla, mtu anaweza kufa.

"Usisimame, mama. Nakuja."

Nilimkuta amekaa katikati ya ngazi, kanga imelowa jasho, midomo myeupe. Alikuwa akishuka kwenda kutafuta duka jingine. Tukashuka kama zamani, kwa kitako, kidato kimoja kimoja, mimi mbele nikimkinga asiporomoke. Barazani jirani mmoja akaanza, "Mashaallah, Bi mkubwa..." akamwona macho, akakimbia kutafuta gari.

Hospitali daktari alimwinamia. "Unatumia dawa gani, mama?"

"Mizizi," alisema.

Nikamshika mkono. Akanitazama kwa hasira, kisha akafumba macho.

"Na vidonge. Vyeupe. Nilivitwanga."

Nikalitaja jina la dawa. Daktari alikuwa ameshamwita muuguzi kabla sijamaliza. Dripu ilipoanza kuingia, nilisimama nikiitazama sindano ya dawa ileile niliyokuwa nikiiwinda, nikiomba iwahi. Baada ya muda mrefu mama mkubwa alifumbua macho.

"Na huyo mganga," alisema kwa sauti ndogo, "umpelekee halua yake."