Kitako cha Bunduki Kwenye Karatasi ya Krismasi

Jamani, mkinicheka sitawalaumu, hata mimi kwa miaka mingi nimekuwa najicheka wa kwanza ili wengine wasipate nafasi, ila mkasa huu kila nikiusimulia kicheko kinanikatikia palepale, mtapaona wenyewe, na nawaambia mapema kwamba aibu yake haijanitoka hadi leo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Toronto, nafanya kazi kiwanda cha milango, na pale kiwandani kulikuwa na mzee mmoja Mkanada, Ron, ambaye kila tukikaa kula ni hadithi za kuwinda paa huko misitu ya kaskazini, akaniteka akili, nikasoma masomo ya bunduki, nikapata kibali, nikanunua bunduki kuukuu ya jeshi, zile zilizokuwa zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu jeshi lenyewe halizitaki tena. (Msiniulize mtoto wa mwinjilisti kutoka Iringa alikuwa anatafuta nini na bunduki. Ron aliniita rafiki, na mtu mpweke akiitwa rafiki hukubali mengi.) Chuma chake kilikuwa kizima, tatizo lilikuwa kitako, ile sehemu ya mbao unayoegemeza begani, kilikuwa na ufa mrefu, na Ron akanionya nikipiga nacho kitanivunja taya, nitafute kingine.

Sasa, katika siku zote alizoumba Mungu, nikachagua kukitafuta siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Furaha.

Furaha alikuwa mchumba wangu, Mkongomani wa Uvira, mpole, anatunza wazee, anaishi na mama yake Weston kwenye yale maghorofa ya zamani kando ya mto Humber. Baba yake aliuawa vitani, na kuhusu hilo nilikuwa najua kile tu alichonieleza Furaha mwenyewe, kwamba alipigwa risasi moja, hakuteseka. Basi nikasema duka la vifaa vya bunduki liko njiani, napita mara moja.

Mara moja! Nilikuta meza nzima ya vitako. Kulikuwa na vya plastiki nyeusi, vyepesi, havijali mvua, kulikuwa na vipya vya mbao vinavyong'aa kama meza ya meneja wa benki, na chini kwenye boksi kulikuwa na vile vya zamani vilivyotoka jeshini, vinanuka mafuta, vina makovu, tena vya urefu mbalimbali, kwa sababu askari nao walikuwa wafupi na warefu, na mimi (mnaniona nilivyo) nilihitaji vile vya wafupi. Nikawa naviegemeza begani kimoja kimoja mbele ya kioo huku nimekunja uso kama jenerali. Plastiki nikaidharau. Nikachukua cha zamani, rangi ya kahawa, nyuma kina bamba la shaba, na karibu na bamba mbao imebonyea na kuwa nyeusi, nikaona inapendeza, nikamwambia muuzaji mbao hii ina historia. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu.

Muuzaji akaniuliza kitu haraka haraka, na mimi wakati ule Kiingereza nisichokielewa nilikuwa nakijibu kwa tabasamu na kutikisa kichwa, nikatikisa. Kumbe ameniuliza kama ni zawadi. Na kwa kuwa ilikuwa Desemba, akakiviringisha vizuri kwenye karatasi nyekundu yenye nyota, akafunga na utepe. Nikaona haya kumwambia afungue. Kurudi nyumbani kukiweka nitachelewa, nikasema potelea mbali, nitakiacha mlangoni na viatu.

Mshenga wangu, Kaka Lameki, alikuwa ananisubiri chini ya ghorofa na mfuko wa vitenge nilivyomnunulia mama mkwe, amenuna kwa baridi. Tukapanda. Ndani watu wa kanisani kwao wamejaa, ugali, samaki, sombe (sisi tunaita kisamvu), na Mama Furaha, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha haraka, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu, mwana. Hii baridi ya Canada itakumaliza. Kula."

Nikala, nikapendwa, nikajisikia mtu. Kabla ya mazungumzo yenyewe nikaingia chooni kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, na nikiwa humo nikasikia vigelegele, nikajua zawadi zinafunguliwa. Nisichojua ni kwamba mama mmoja wa kwaya alikwenda mlangoni akabeba mfuko wa vitenge pamoja na kile kifurushi cha nyota, kwani yeye angejuaje? Nikatoka nimejaa tabasamu, Mama Furaha amenipa mgongo, ameinamia kitu magotini, nami nikidhani ni vitenge nikapaza sauti ili sebule nzima isikie:

"Mama, hiyo nimezunguka duka zima naichagua! Nilisema kwako lazima niende na kitu kizuri!"

Nikasogea, nikakiona.

Alikuwa amekilaza mapajani kama mtoto. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye bamba la shaba, kikashuka mpaka pale palipobonyea, kikabaki hapo.

"Hii njo kitako ya bunduki," akasema taratibu.

Nikaanza kueleza. Paa, Ron, kiwanda, plastiki si nzuri kwa bega, sijui nini na nini, maneno yananitoka kama maji ya bomba bovu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia ninyamaze, Mungu wangu, laiti angetokea mmoja.

"Bwana yangu hawakumupiga risasi," Mama Furaha akasema, wala hakuwa anaongea na mimi. "Walisema risasi ni ya bei. Walimupiga na hii. Mimi niliona."

Furaha alikuwa amesimama na sinia la vikombe. "Mama, uliniambia risasi moja."

"Nilikuambia vile upate kulala, binti yangu."

Sinia halikuanguka. Alilitua polepole mezani, akavaa koti juu ya nguo yake ya sherehe, akatoka, nasi tukasikia lifti inashuka. Kaka Lameki akakichukua kile kitu magotini mwa mama wa watu, akakificha ndani ya koti lake, akanishika mkono kama mfungwa.

Bunduki nilimwachia Ron bila maelezo. Nilirudi Weston kuomba msamaha, mama akanifungulia mwenyewe, akanikalisha, akanipa chai. "Haukunifanyia mubaya, mwana," akasema. "Lakini sasa na yeye halale."

Furaha alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia hanichukii, ila kila akiniona anasikia namna mama yake alivyolisema lile neno, na mtu hawezi kuolewa na sauti hiyo. Nikamwambia naelewa. Sikuelewa, nilielewa baadaye sana. Ameolewa Montreal, nasikia ana watoto.

Tangu hapo sijagusa bunduki na sitagusa, na nikiingia nyumba ya mtu yeyote, hata wakicheka vipi, hata wakipika vipi, naketi taratibu, naweka mikono yangu mahali inapoonekana, na nasubiri wao waanze kusema.