Mwaloni Usio na Ziwa

Siku ya kwanza kazini nilifika Kensington, Johannesburg, mapema mno. Nikaogopa kuonekana mwenye kiherehere, nikazunguka mtaa mpaka nikaanza kuogopa kuonekana mwizi. Pikapu ya kampuni ilipopaki karibu na robot, yaani taa za barabarani, msimamizi akashusha kioo. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, na sote tulimwita Chef, yaani bosi kwa Kifaransa. Njia nzima nilikuwa nimejiuliza nimsalimie kwa Kiingereza au kwa Kizulu. Nilipomsikia akiongea Kiswahili kwenye simu, heshima niliyofundishwa na mama ikanitoka yenyewe.

"Shikamoo."

"Shika nini?" Chef alicheka. "Shika mukasi, petit. Panda." Petit, yaani mdogo, likawa jina langu.

Ninyi mnaomaliza chuo sasa huenda msiikute kazi ile kama tulivyoifanya sisi. Miti mikubwa ya mialoni, yaani oak, katika vitongoji vya mashariki mwa Johannesburg ilikuwa inakufa. Mdudu mdogo kama punje ya ufuta hutoboa gome, anaingiza ukungu ndani, na mti unakauka kuanzia kileleni. Miti iliyokufa iliondolewa na wenye misumeno. Sisi tulikuja nyuma yao na miche, tukaipanda, tukaifunga kwenye nguzo, tukaitunza mpaka iweze kusimama yenyewe.

Kupogoa tulifanya majira ya baridi, mti ukiwa umelala. Mwaloni mchanga hutaka kiongozi mmoja, yaani tawi moja linalopanda juu moja kwa moja. Ukiacha viongozi wawili, mti utakuja kupasuka katikati siku ya upepo. Tawi la pembeni hukatwa nje kidogo ya kola, ule uvimbe ulio pale tawi linapotoka kwenye shina, kwa sababu kola ndiyo inayofunga kidonda. Nilikuwa nimesoma hayo yote chuoni. Hata hivyo nilisimama mbele ya kijiti chembamba kama kalamu, mkasi mkononi, nikiwaza mti huo miaka mia ijayo na watu watakaopita chini yake.

"Petit," Chef aliita kutoka ng'ambo ya barabara, "uko unakata muti ao uko unaupatia mutihani?"

Jioni ile nilimwambia mama. Alikuwa na cherehani yake katika chumba chetu Bellevue, nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vingi. Yeye ni mtu wa Mwanza. Aliolewa na baba, Msauzi aliyekuwa uhamishoni Tanzania, akaja naye huku, na baba alipofariki akabaki.

"Mama, nimeanza kazi. Kazi ya mialoni."

Cherehani ikanyamaza. "Mwaloni? Johannesburg kuna mwaloni?"

Mwanza, mwaloni ni pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Neno nililolitoa kwenye kamusi yeye alikuwa amekua nalo puani. Nilimweleza kuwa ni mti. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja, kisha hakurudi kushona upesi. Mama mdogo alipopiga simu kutoka Mwanza, nilimsikia akimwambia mtoto kapata kazi mwaloni.

"Sangara wa huko wakoje?" mama mdogo aliuliza.

"Wanakua polepole," mama alijibu, akanikonyeza.

Tulihamishiwa Bellevue, kisha Bertrams, karibu na uwanja. Siku za mechi magari hupaki hata juu ya njia ya miguu, na gari moja liliporudi nyuma lilivunja kiongozi wa mche wetu. Mche uliovunjika kichwa hung'olewa, ndiyo ilikuwa kanuni. Mkaguzi wa miti, mama mmoja mkali aliyevaa kofia pana, alikuwa ameshashika rangi ya kuuwekea alama.

Nikasema, sijui kwa sauti gani, kwamba tawi la pembeni linaweza kuinuliwa, likafungwa kwenye fimbo, likawa kiongozi mpya. Mkaguzi akamgeukia Chef.

"Huyu kijana husema mara ngapi?"

"Hii njo mara ya kwanza," Chef alisema.

"Basi mpaka baridi ijayo. Ukiwa umepinda, nang'oa."

Kamba hula gome, kwa hiyo nilihitaji kitambaa laini. Mama alifungua sanduku, akatoa kanga ya zamani aliyokuja nayo kutoka Mwanza, akachana pindo lake kabla sijamzuia. "Mwaloni wangu huo," alisema. "Usiukaze sana."

Niliukaza, nikaulegeza, nikaukaza tena. Kila Jumapili tukitoka kanisani mama alitaka tupitie Bertrams. Aligusa fundo, akaangalia juu. Kisha mama mdogo akaugua, na mama akarudi Mwanza kumuuguza. Alisema ni kwa muda, lakini cherehani aliiuza. Mkataba wangu nao uliisha kabla ya baridi na haukuongezwa. Chef alipelekwa Pretoria.

Hivyo nimestaafu upogoaji kabla sijafikisha miaka thelathini. Sasa napokea simu za wateja wa bima, kwenye jengo ambalo madirisha yake hayafunguki. Wafanyakazi wenzangu huzungumzia mishahara, nami natazama mikono yangu, nakumbuka mkasi wenye baridi ya asubuhi, majani makavu ya mwaloni yanayogoma kuanguka, na Chef akiimba vibaya kwenye pikapu. Natamani kuona angalau mti mmoja ukikua mrefu kuliko mimi.

Kilichonikosesha raha zaidi kilikuwa lile fundo. Kitambaa kisipofunguliwa kwa wakati, mti hunenepa na kitambaa kinaukaba. Ningemwambia nani akifungue? Na baridi ilikuwa imefika, Mkaguzi angeweza kupita wakati wowote. Jumamosi moja nilienda mwenyewe, nikipanga njiani maneno ya kujitetea iwapo nitakuta shimo.

Mti ulikuwepo. Nilifungua fundo, nikaondoa fimbo, nikarudi nyuma. Ncha iliyumba kidogo kwa upepo, ikarudi mahali pake. Kwenye gome hapakuwa na alama ya rangi, wala mfinyo wa kitambaa.

Nilimtumia mama picha. Akapiga papo hapo, na nyuma ya sauti yake nikasikia watu wakinadi samaki.

"Umesimama?"

"Umesimama, mama. Peke yake."

"Na pindo langu?"

"Ninalo mfukoni. Limechakaa, limejaa vumbi. Nitalifua kwanza, halafu..."

"Usilifue," mama alisema. "Niletee hivyo hivyo."