Kiti Chini ya Mcheri

Machi mwaka ule ilikuja na joto la kijinga. Micheri ya mkulima Delbert, miti yake ya matunda ya cheri kule Michigan karibu na ziwa, ikadanganyika, matumba yakaanza kuvimba. Aprili jalidi, baridi ile ya kugandisha umande, ikashuka na wala haikuwa na haraka ya kuondoka.

Asubuhi Delbert alikata vitawi, akakaa kibarazani na wembe kama alivyofundishwa na baba yake. Alipasua tumba nene, la maua: moyo mweusi. Akapasua jingine, nalo jeusi. Akapasua tumba jembamba lenye ncha, la majani: kijani kibichi. Mti ulikuwa hai, ila mwaka huu usingechanua. Hilo lilimkata maini, maana mkewe Ardis, ambaye madaktari walikwisha kumrudisha nyumbani baada ya kushindwa kumtibu, alikuwa ameomba jambo moja tu. Kila mwaka maua ya kwanza yakifunguka, walitoa kiti cha jikoni, wakakiweka chini ya mcheri wa karibu na ghala, wakanywa kahawa. Aliomba kukalia kiti hicho mara moja tena.

"Vipi, mzee?" Ardis aliuliza kutoka kitandani. "Matumba yamepona?"

"Yamelala tu. Mavivu kama kaka yako Wendell."

"Mwache Wendell. Yeye angalau huamka kula."

Ardis alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo Delbert akawa mwongo wa kila siku, yeye ambaye zamani hata akiuza trekta bovu alitaja ubovu wake kwanza. Bado baridi. Labda wiki ijayo. Hata pazia la upande wa shamba alilifunga, akisingizia jua.

Siku moja alitoka ghalani akakuta pazia liko wazi. Ardis alikuwa amesimama dirishani, amejishikiza ukutani. Nje mcheri ulikuwa umejaa majani machanga.

"Umeona?" Delbert alijikaza. "Umeanza kuchipua."

"Delbert, mimi nimezaliwa hapa hapa shambani. Mcheri hutanguliza maua, ndipo majani. Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile ya wembe."

"Ukaubeba mzigo wote peke yako. Mjinga wewe."

Delbert alilia waziwazi. Ardis alimwacha alie, kisha akasema, "Toa kiti."

"Hakuna maua, mama."

"Kwani sina macho? Toa kiti. Maua utakaa nayo wewe, mwakani."

Delbert akaenda jikoni, akakibeba.