Shemeji Alibandika Katuni Zangu Ukutani, Sasa Ukuta Wake Uko Mikononi Mwangu

Admin, naomba unifichie jina, ingawa kwa Mpanda hii ukisema tu fundi mabango mwenye kichaa cha katuni, nimeshajulikana hadi stesheni. Mimi ni baba wa miaka hamsini na moja, naishi Majengo, nina mke na watoto wanne. Naandika mabango ya maduka na saluni. Kuandika najua. Kuchora sijajaliwa sana. Niliwahi kuchora ng'ombe kwenye bucha, wateja wakawa wanamuuliza mwenye bucha tangu lini anauza mbwa.

Labda ndiyo maana nawaheshimu wachoraji kuliko watu wote. Tangu ujana nilikuwa nakusanya magazeti ya katuni. Yalikuja na treni ya Tabora, yamechelewa wiki nzima, na mimi nasubiri stesheni kama nasubiri mchumba. Wenzangu walisoma, wakacheka, wakatupa. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa mtu. Nifunikie jina la mchoraji, nitakutajia kwa kuangalia tu vidole vya miguu. Kuna mmoja nilimpenda kupita wote. Watu wake wana miguu mipana, kidole gumba kimeinuka kama kinasikiliza mazungumzo. Kwa mstari mmoja wa wino anakuonyesha kwamba huyu ni mwongo. Nilikuwa na hadithi zake zote, toleo kwa toleo, ndani ya sanduku la bati, na majani ya mwarobaini kuzuia wadudu. Mke wangu husema nyumba ikiungua nitaokoa sanduku kwanza, ndipo niulize watoto wako wapi.

Sasa huyu shemeji. Ni kaka wa mke wangu, mkulima wa mpunga Kakese. Mwaka juzi alivunjika mguu. Kijiji kizima kinajua alivunjika akipambana na fisi aliyevamia mbuzi. Nilipokwenda kumwona, tukiwa wawili tu, akaninong'oneza ukweli: hakukuwa na fisi. Alikuwa ndama wake mwenyewe, amekata kamba alfajiri, akamkoholea mgongoni kwenye ukungu. Shemeji alitoka mbio hadi akatumbukia kwenye shimo la kufyatulia tofali.

"Shemeji, hili life na wewe," alisema.

Tulicheka mpaka mguu ukamuuma. Nikamhurumia, nikamwazima sanduku langu asome wakati mfupa unaunga. Alipopona, wanakijiji wakamfanya kamanda wa sungusungu kwa ule ushujaa. Sanduku halikurudi. Nikiuliza, ananijibu, "Nasoma taratibu, shemeji."

Mwaka huu binti yake akaletewa posa, tukaitwa. Naingia sebuleni, nakuta kuta zote nne zimebandikwa magazeti yangu kwa uji wa muhogo. Mnajua nyumba zetu za tofali mbichi, gazeti linazuia vumbi na linapendeza, hata marehemu mama yangu alibandika. Lakini gazeti lina pande mbili. Upande mmoja unasomeka, mwingine umekula uji na udongo milele. Ukurasa wa sita upo juu ya mlango, kichwa chini miguu juu. Wa saba sijui uko wapi. Wazee wanajadili mahari, mimi nimepinda shingo nasoma ukuta, hadi mshenga akaniuliza kama nyumba ina ufa.

Nikamwita shemeji pembeni. "Magazeti yangu, shemeji."

"Si ulishayasoma?"

"Nilikuazima usome."

"Nimesoma, na sasa wanasoma wageni. Nimekufungulia makumbusho bure na hata asante sijaisikia." Halafu akawageukia watu. "Mwoneni shemeji yangu, mvi zote hizo na bado analilia vikatuni."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kwa sababu kwetu kaka wa mke ni mtani wako. Mtani akikufanyia jambo hukasiriki. Ukikasirika unatozwa jogoo, na aibu juu. Nyumbani mke wangu akaniambia, "Baba Neema, si utani tu huo." Yaani nimedhulumiwa na hata kununa siruhusiwi.

Lakini na mimi ni mtani wake. Miezi mitatu sasa, nikimaliza kazi, nachora. Nimechora kisa cha mguu, viboksi vinane: shemeji na rungu, ndama anakohoa, shemeji yuko hewani, cha sita shemeji yuko shimoni, hadi cha mwisho ambapo amelala kitandani anawasimulia majirani habari za fisi huku ndama anachungulia dirishani. Sijui ni hasira iliyonishika mkono, lakini miguu imetoka, vidole vimeinuka, na uongo unaonekana usoni kwa mstari mmoja. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii. Nikikiangalia nacheka peke yangu, tena kicheko kibaya.

Na wiki iliyopita shemeji kanipigia simu mwenyewe. Amefungua mashine ya kusaga njia panda, Kakese yote inapita pale, ukuta wa mbele ameupaka rangi nyeupe. "Njoo uniandikie, shemeji, na uweke picha yoyote unayoona inafaa. Nakuamini." Jumamosi atakuwa mjini kutafuta mkanda wa mashine, ukuta ananiachia siku nzima.

Mke wangu ameiona michoro chini ya godoro. Hakucheka. Alisema, "Ukiweka hii, kaka yangu hatatembea tena Kakese. Ule ukamanda ndiyo heshima pekee aliyowahi kupewa na watu."

Nikamjibu, "Na yale magazeti ndiyo mali pekee niliyowahi kuipenda." Akatoka nje kuanua nguo.

Ndugu zangu, huruma naye sina, nisiwadanganye. Ukuta ule nimeshaupima kwa macho, viboksi vinane vinaenea barabara. Sasa nyie mnaonisoma, niandike "Tunasaga na Kukoboa" nirudi zangu nyumbani, au nianze na ndama? Mniambie kabla ya Jumamosi. Na yule atakayenishauri nisamehe, aje kwanza Majengo aone kiboksi cha sita kilivyotoka.