Mehar Chand, Mfungua Macho

Mehar Chand alikuwa mchoraji mkubwa wa Chamba, mji wetu wa milimani India, kwa sababu moja: alisema hivyo kila siku, na watu huchoka kubisha. Nimekaa jirani naye miaka ishirini, ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kumwona akichora hata ukwato wa ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kunywa chai, kukemea na kufungua macho.

Kwa wachoraji wetu wa miungu, macho hutiwa mwisho. Mungu akishavikwa, akishapambwa lulu, akishaketishwa kando ya mpenzi wake, bado ni kipofu. Ndipo mkuu wa nyumba huchukua brashi ya nywele za mkia wa kindi, akatia nukta, na mungu akaona. Anayefungua macho ndiye anayeandika jina lake nyuma ya karatasi. Zamani mkuu huyo ndiye aliyeichora picha pia. Kwa Mehar Chand zilibaki nukta na jina.

Mengine yote aliyafanya Kamlesh, mjane wa mwanawe. Alisaga mawe ya rangi, akasugua karatasi kwa jiwe la akiki mpaka ikateleza, akachora miti jani kwa jani. Mkwewe akiingia, alivuta mtandio usoni kwa adabu, akaendelea kuchora akichungulia kwa jicho moja.

Mwaka ule Bi Vidyavati, bibi tajiri wa nyumba ya juu ya uwanja, aliagiza picha ya mungu Krishna, ambaye ngozi yake huchorwa samawati, na mpenzi wake Radha, mweupe, kwa ajili ya arusi ya mjukuu wake. Aliitaka ile ambayo wapenzi hao wamebadilishana nguo kwa mchezo: Krishna kavaa sketi na mtandio, Radha kavaa taji la manyoya ya tausi. Alimweleza Kamlesh mlangoni, maana Mehar Chand alikuwa amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Kamlesh alichora miezi minne. Siku ya kumaliza nilikuwa kwake nikichambua dengu, mkwewe akaingia kuchukua brashi.

"Baba," Kamlesh akasema, "hii niachie niifungue macho mwenyewe. Niandike jina langu. Hii moja tu."

Mehar Chand akacheka mpaka akakohoa. "Jina lako? Nani kakwambia una jina? Wewe mkwe wa Mehar Chand, yatosha."

"Mkono wako unatetemeka, Baba."

"Unatetemeka kwa kumcha Mungu! Wako hautetemeki kwa sababu huna haya. Kapike."

Tulikuwa jikoni tuliposikia ukelele. "Balaa gani hii! Mwanamke kampaka samawati! Mwanamume mweupe kama unga! Ndiyo faida ya kuwaza majina!"

Kamlesh alikimbia, mtandio ukamdondoka. "Baba, usiguse! Wamebadilishana—"

"Kimya! Mimi ndiye wa kufundishwa Krishna?"

Akatia komeo. Kamlesh aligonga mlango ule mpaka viganja vikawa vyekundu, kisha akakaa chini akauegemea.

Mzee alipotoka, alikuwa ameshasahihisha. Mwenye taji kampaka samawati. Mwenye sketi kampaka nyeupe, lakini samawati ya chini ilipenya, na Radha akawa na rangi ya mtu aliyelala na homa wiki tatu. Macho nayo yalikuwa yamefunguliwa: Krishna alitazama vidole vyake vya miguu kama anayetafuta ndara. Nyuma, kwa herufi kubwa: Mehar Chand.

Aliipeleka mwenyewe, na kilemba kipya kichwani, katikati ya wageni wa arusi. Nilikuwapo. Bi Vidyavati alivaa miwani.

"Mehar Chand, hawa wamebadilishana nguo?"

"Kina nani, mama?"

"Krishna na Radha."

"Aa! Mkwe wangu ndiye alikosea, mama, akamtia mwanamke samawati. Nashukuru niliwahi."

Bibi mmoja alitema chai yake kwenye sahani. Vicheko vikapita safu kwa safu, mpaka kwa wapishi.

"Umri wote huo unamfungua Krishna macho," Bi Vidyavati akasema, "akivaa sketi humjui?" Akamrudishia picha. "Itachorwa nyingine. Atakayeichora ndiye atakayeifungua macho, na jina lake nitalisoma mwenyewe."

Ilichukua tena miezi minne. Mjukuu alikuwa ameshaolewa na kuondoka. Picha ingemfuata kwa mumewe. Siku ya macho Mehar Chand alikaa kizingitini, akimwambia kila mpita njia: "Nimemruhusu. Nimemfundisha mwenyewe, huyu."

Ndani, Kamlesh alishika pumzi, akatia nukta ya kwanza, kisha ya pili. Wapenzi wakatazamana. Akageuza karatasi, akaandika taratibu.

"Umeandika nini?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Jina, Baba."

"La nani?"

"Lako si liko kwenye ile nyingine?"

Ile nyingine ingali ukutani, juu ya kitanda cha mzee. Hakuna aliyeitaka.