Mfalme Aliyekatazwa Kuruka

Hadi leo nikiukumbuka mchezo ule, roho inanichemka.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani wa baraza Handeni. Mchezo wa sataranji, yaani chesi, nilifundishwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la nguo jirani na ofisi yetu. Alinipa ulinzi wa kuchokoza: unamwacha mfalme wako wazi katikati, adui anamvamia kwa tamaa, nawe kete zako zote unazituma kwa mfalme wake. Hatari ikikaribia, mfalme wako anaruka kama kete ya farasi, mara moja tu katika mchezo mzima, anasalimika. Kwa ulinzi huo niliwafunga makarani wote wa Handeni.

Mashindano yakawekwa Korogwe, mshindi aende Tanga kuwakilisha wilaya zetu. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukanipaa. Mchezo wa mwisho nikakutana na karani wa shamba la mkonge, mtu wa majivuno, aliyeniuliza mbele za watu kama kule kwetu kwenye ukame, Handeni, mvua imeshanyesha. Wakacheka.

Alianza kwa kusukuma askari wake nyumba mbili kwa mpigo. Kwetu askari huenda moja. Nikadhani ni haraka za watu wa Korogwe. Nilimwacha anivamie. Malkia na farasi wake wakamzingira mfalme wangu, na mimi zilinibakia hatua mbili tu nimmalize. Nikamnyanyua mfalme, nikamrusha.

"Mfalme haruki, bwana," akasema mwamuzi.

"Haruki vipi? Mbona askari wake amekwenda nyumba mbili?"

"Hiyo ni sheria. Na kete ukishaigusa, lazima uicheze hiyo hiyo."

Mfalme wangu alikuwa na nyumba moja tu ya kwenda. Nikampeleka, malkia akamkuta huko huko, nikafungwa. Nilibishana mpaka sauti ikakauka, na yule wa mkonge ameshaanza kupokea mikono ya pongezi.

Nilirudi Handeni juu ya lori la mahindi, nikaenda moja kwa moja dukani. Hata shikamoo sikumpa.

"Mzee, kwa nini hukuniambia kuwa mfalme haruki?"

Akashangaa kweli. "Nani kasema haruki? Kwetu anaruka tangu enzi za babu yangu."

Akapanga kete. Sikutaka, lakini nilikaa. Kwa hasira zile nilimbana kuliko siku zote, ikabaki hatua moja nimmalize. Mfalme wake akaruka, nikafungwa tena.