Injini Ikivuta Hewa ya Moto

Siku yangu ya kwanza gereji sikupewa spana. Fundi Mkuu, mtu mrefu wa asili ya bara aliyekuwa na gereji yake Mwanakwerekwe hapa Unguja, alinipa chujio la hewa lililokwisha kazi, jeusi kwa vumbi, akaniambia nilipulize kwa mdomo. Mashavu yalinijaa, hewa haikupita. Akanipa jipya, nikapuliza, ikapita bila taabu.

"Injini nayo ina mapafu," akasema. "Ukiiziba pua, utalaumu petroli bure."

Nilikuwa nshapita kazi nyingi kabla ya hiyo. Niliacha skuli mapema, nikabeba mizigo bandarini, nikaosha vyombo hotelini, nikafunga antena za televisheni juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kujua inavyokwenda. Hata gereji hiyo niliwahi kuiacha, nikaenda Mbweni kuangalia jenereta ya hoteli. Msimamizi wa Mitambo pale alikuwa mkali wa vipimo. Nikimwambia mashine inaonekana ina joto, hunijibu, "Macho yako si kipimajoto, Makame. Nenda kapime." Nilipokwisha kupenda kupima, nikamrudia Fundi Mkuu.

Wakati huo magari madogo ya mbio yalikuwa yameanza kushuka bandarini kutoka Japani, na wenyewe walikuwa wakiagiza mabomba ya hewa kutoka Dubai. Niwaeleze vijana msiojua. Injini huunguza petroli kwa msaada wa hewa. Hewa baridi imeshikana, kwa hiyo katika nafasi ileile huingia nyingi zaidi kuliko ya moto, na nguvu hupatikana zaidi. Kiwandani chujio hufungiwa ndani ya sanduku la plastiki, mdomo wake ukiwa mbele, mbali na joto. Bomba la Dubai lilikuja bila sanduku: mrija unaong'aa na chujio la umbo la pia, limekaa wazi chini ya boneti. Ukikanyaga mafuta, linanguruma mpaka watu wanageuka.

Mimi nilitaka kazi hiyo na hiyo tu. Fundi Mkuu hakuitaka.

"Hapa pangu ni pa magari ya kazi," alisema. "Hao wa makelele leo wanakusifu, kesho wanakuja na ugomvi."

Ndipo alipokuja Bwana Karim, muuza vitambaa wa Darajani, na gari lake jekundu la viti viwili. Alitoka humo ameinama, ameshika kiuno.

"Nimelivika bomba, sauti kama simba," akasema, "lakini nikikanyaga linakohoa. Mke wangu, Bi Shirin, ananicheka. Anasema kelele nimeileta, nguvu nimeisahau forodhani."

Fundi Mkuu alinitazama. "Haya, Makame. Likitoka zima na mwenyewe akaridhika, kona ile ya ukutani ni yako na magari yako ya mbio. Akirudi na ugomvi, wewe ni breki za magari ya abiria, na habari hiyo sitaki kuisikia tena."

Nilijijua. Nikirudishwa kwenye breki, mwezi usingeisha nami nipo pale.

Nilitoa chujio. Lilikuwa limelowa, linanuka dizeli.

"Bwana Karim, gari hili limepigwa oili karibuni?"

"Naam! Kila mwaka kabla ya masika. Hata la marehemu baba lilikuwa likipigwa."

"Chini tu?"

"Ah, chini tu kwa nini? Nilimwambia yule mpigaji asione haya, apige mpaka ndani ya boneti."

Wenyeji wa Unguja mnaujua mtindo huo. Oili chafu huchanganywa na dizeli, ikapuliziwa tumboni mwa gari ili chumvi isile bati. Sanduku la kiwanda huikinga injini na mvuke ule. Chujio lililo wazi huunywa. Ukishapita hapo, unaikuta sensa ya hewa, kiwaya chembamba chenye joto kinachohisi hewa inayopita na kuiarifu kompyuta mafuta kiasi gani yamwagwe. Kiwaya kikipakwa oili, kompyuta inadanganyika, na gari linakohoa.

Nilisafisha sensa kwa dawa yake, nikaosha chujio kwa sabuni, nikaliacha likauke kivulini. Kikohozi kikaisha. Lakini nilipochomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, niliona injini inavuta hewa yenye joto kupita ile ya nje, na kwenye foleni ya Darajani joto likazidi kupanda. Nikaenda kwa fundi bati, tukakata ukuta wa alumini wa kulitenga chujio na injini, tukaufungia njia ya hewa kutoka mbele. Njia hiyo niliiweka juu. Mdomo ukiwa chini ya bampa, siku Mwanakwerekwe inapojaa maji injini itayavuta, na maji hayabanwi kama hewa. Vyuma vya ndani hupinda.

Kisha nikataka kupima. Tulikwenda barabara ya Fumba asubuhi, ikiwa tupu, gia ileile, kipande kilekile, Bwana Karim ameshika saa ya simu. Tulipima bomba peke yake, tukapima bomba na ukuta wangu, halafu nikarudisha sanduku la kiwanda alilokuwa ameliweka stoo.

Bomba peke yake lilikuwa la mwisho. Bomba lenye ukuta lilishindana na sanduku la kiwanda. Mara hili mbele, mara lile.

Tuliporudi, Fundi Mkuu alikuwa mlangoni anangoja. Neno moja la kusifu lingenipa ile kona. Lakini nilikuwa nimepima.

"Bwana Karim, nguvu zilizopotea zimerudi," nilisema. "Ziada ya bomba ni ndogo, mguu wako hautaijua. Sanduku la kiwanda linakutosha. Kilichozidi ni sauti."

Bwana Karim alilizunguka gari lake. Nikaanza kuyatazama magari ya abiria yaliyokuwa yakinisubiri.

"Makame," akasema, "kwani mimi nnakimbizana na nani? Kisiwa chenyewe kinaisha hujafika gia ya mwisho! Niwekee bomba na ukuta wake. Nataka sauti. Ila sasa najua kwamba nimenunua sauti, na Bi Shirin ntamwambia mwenyewe kabla hajanicheka."

Fundi Mkuu aligeuka kwa wenzangu. "Yaondoeni matairi pale ukutani. Makame anataka nafasi."

Kona ile nilikaa mpaka magoti yalipokataa kuinama, mimi ambaye sikuwa nikikaa popote. Kila gari lilileta swali lake, na kazi yenye maswali mapya hainichoshi. Wanaoingia ufundi sasa nawaambia wapime kwanza, wamwambie mteja walichokiona, hata kama anaweza kuondoka. Wengine huondoka. Wengi niliwaona tena.

Siku hizi kona inaendeshwa na Asha, fundi hodari niliyefanya naye kazi miaka yangu ya mwisho. Juzi nilipita kumsalimu nikamkuta na gari la umeme.

"Shikamoo, Mzee Makame. Hili halivuti hewa kabisa, hukosi kitu. Nenda kapumzike."

"Marahaba. Na betri yake ikipata moto foleni ya Darajani, joto litatoka kwa njia gani?"

Asha aliinamia boneti. "Hilo bado sijalijua."

"Basi sogea."

Alicheka, akasogea, akanishikisha taa.